Mzee Aliyetangaza Maji

Mtaani kwetu Kamembe walimwita Mzee wa Maji, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake halisi hakupenda litajwe mbele za watu. Lilikuwa limeitwa sana huko nyuma, kwa vipaza sauti, na watu waliotaka afe.

Nilipoanza kumjua vizuri hakuwa tena na kazi ya maji wala kazi nyingine yoyote. Hata hivyo kila asubuhi alipita mbele ya baraza letu kwa haraka, kama mtu aliyechelewa ofisini. Mimi huwa natoa cherehani yangu mapema, kabla jua halijafika ukutani, na yeye alikuwa amekwisha kuzunguka mtaa mzima. Hakusema habari ya asubuhi. Alisema, "Napita." Akipita tena baada ya muda mfupi, alisema, "Narudi."

Hakuweza kukaa. Jirani yetu Papa Salumu, fundi wa mabati anayetengeneza mabeseni na majiko, ni Mwislamu mwenye maneno ya kuchekesha, na kila siku alimtolea kiti.

"Mzee, kaa. Kiti haiume muntu."

"Nitakaa kesho."

"Hata jana ulisema vile."

"Njo maana nakuambia mbele, ujitayarishe."

Papa Salumu alicheka mpaka nyundo ikamponyoka, lakini kiti hakikukaliwa. Kwetu pia ilikuwa hivyo. Maman, mama yangu, alimpa maharagwe na sambaza, vidagaa vya ziwani, naye alikula amesimama, sahani mkononi, macho barabarani. Maman alimgombeza. "Chakula yako inashuka yote kwa miguu. Ile njo maana huneneke." Mzee alijibu kwamba miguu ndiyo iliyofanya kazi, basi miguu ianze kula.

Hiyo tabia ya kusema jambo kabla ya kulifanya ilikuwa ya kila saa. Alisema "nitabisha hodi" kisha akabisha. Akiwa na kikohozi alisema "nitakohoa." Watoto wa mtaa walimwiga wakiwa wanacheza, mmoja anasema "nitaanguka" na kujitupa chini, wengine wanakufa kwa kicheko. Yeye hakukasirika. Aliwaambia kwamba anayesema mbele haumizi mtu. Na bado mtu huyo huyo aliweza kupotea siku nyingi bila kumwambia yeyote, Maman akahangaika kwa jirani na jirani, kisha akatokea na matope hadi magotini, akasema, "Narudi," kana kwamba alikwenda dukani.

Huko alikokuwa akipotelea tulikujua. Alifuata mabomba. Maji ya kwetu yanatoka kwenye chemchemi za milimani, upande wa Mibirizi, yanashuka yenyewe kwa mteremko, na yeye alitembea juu ya mabomba hayo akiwa na fimbo kavu. Ncha moja aliiweka kwenye chuma, nyingine sikioni, akasikiliza. Vijana wa idara mpya ya maji walimfukuza mwanzoni. Baadaye walimzoea, wakamwacha asikilize.

Nyumbani kwake lakini hakuwa na bomba. Alikataa kuvutiwa maji. Alichota kwa bidoni, yaani dumu, kama sisi wengine, akapanga foleni na wanawake, na kwenye foleni alikuwa mkali. Mtoto akinawa miguu chini ya bomba alipigiwa kelele hadi mama yake akatoka. Nilimwuliza mara moja, kwa sauti ndogo maana sikuwa mzoefu wa kuwauliza wazee maswali, kwa nini yeye asiwe na bomba lake.

"Muntu mwenye alijua bomba, habakie tena na usingizi karibu nayo," alisema. "Nitaisikia usiku kucha."

Kitu kingine kilichomgombanisha na watu ni koti. Lilikuwa koti la kaki la komini, kama kusema wilaya, la wafanyakazi wa serikali ya zamani, lenye mifuko minne. Kola ilikuwa imekwisha kabisa. Niliigeuza mimi kwa mkono wangu, upande uliochakaa ukaingia ndani. Maman alikuwa akiliangalia koti lile kama anaangalia nyoka.

"Choma hii kitu, Mzee. Bantu bakiiona banakumbuka ile Leta, ile serikali ya kuua."

"Hii nilipewa na kazi. Haikutoka kwa bauaji."

"Na kazi ilikuwa ya nani?"

Hapo alizunguka ua mara nyingine, kisha akasema, "Napita," akatoka.

Sasa niseme jinsi alivyoingia kwetu. Sisi ni Wanyarwanda tuliozaliwa Kongo. Babu zetu Watutsi walikimbilia huko zamani sana. Tuliishi Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Katika mwaka wa mauaji ya kimbari, serikali ya Rwanda iliamuru Watutsi wauawe. Iliposhindwa, wakubwa wake na wauaji wake na watu wengi wengine walivuka daraja wakaja upande wetu. Milima ikajaa mahema. Mzee wa Maji alisombwa na umati huo. Alitokea langoni kwetu na bega limelegea, akamwomba Maman chumba cha nyuma.

Maman alimwuliza kwa nini anaacha Wahutu wenzake akimbilie kwa Watutsi.

"Kwa sababu hapa habatanitafuta."

Walimtafuta hata hapo. Kambini jina lake liliitwa kwa kipaza sauti: msaliti wa komini, atakayemwona aseme. Siku moja mchana waliingia vijana uani kwetu, wakataka kuona chumba cha nyuma. Maman aliwaambia kuna kaka yake mwenye kifua kikuu, waingie kama wanataka, lakini wasimlaumu. Kisha akaita mlangoni, "Kohoa, mupenzi, itoke yote!" Mzee alikohoa hata wale vijana wakarudi nyuma hadi barabarani. Alikohoa vizuri kupita kiasi. Kwa muda mrefu baadaye majirani walimletea majani ya kuchemsha, naye alilazimika kuyanywa mbele yao.

Kosa lake kwa wale watu wa kambini lilikuwa nini? Yeye alilieleza vipande vipande, akizunguka uani, na Maman aliyaunganisha kama mimi ninavyounganisha vitambaa.

Alikuwa mkuu wa maji wa komini ya upande huu wa mto, Rwanda. Huko mlimani kulikuwa na shule ambamo Watutsi wa vijiji vya karibu walikuwa wamejificha, familia nzima nzima, na wauaji wakiwazunguka kwa vizuizi vya njiani, vile tunavyoviita bariyeri. Mkubwa wa komini aliwaita wafanyakazi wake, akamwambia Mzee afunge maji ya shule. Kiu ingewatoa.

Mzee alisimama akasema kwamba kanuni ya kazi ya maji inajulikana: kabla ya kufunga, wanaokunywa wanatangaziwa siku moja mbele. Wenzake walicheka. Walifikiri anatania, au amechanganyikiwa. Yeye alitoka, akachukua kipaza sauti stoo, kile cha kuitia watu kwenye kazi za jamii, akapanda mlima na koti lake. Walinzi wa bariyeri walimjua, wakampisha. Alisimama mbele ya lango la shule akatangaza kama alivyotangaza siku zote: wananchi, maji yatafungwa kesho asubuhi, jazeni kila chombo mlicho nacho. Alirudia hadi aliposikia ndoo zikigongana ndani.

Halafu akashuka, akaingia kwa mkubwa wa komini, akasema, "Nimetangaza. Na kufunga sitafunga."

Waliompiga ni wenzake wa kazi, wale aliokuwa akinywa nao chai. Bega halikupona tena. Alifungwa katika selo, mahabusu ya komini, akafukuzwa kazi kwa maneno ya mdomo, na maji yakafungwa na mtu mwingine. Aliyetoka naye selo ile siku ya kukimbia alisema kwamba ndani hakukaa hata kidogo. Alitembea ukuta kwa ukuta. Labda ndipo alipoanzia.

Vita vilipofika Bukavu na kambi zikavunjwa, sisi tulivuka daraja kuja nchi ambayo mimi nilikuwa nikiisikia kwa hadithi tu. Mzee alivuka pamoja nasi. Kesho yake alivaa koti, akaenda komini kuripoti kazini. Hivyo ndivyo alivyosema: kuripoti. Afisa mpya alikuwa mtu wa heshima. Alimwambia asubiri uchunguzi, maana mtu wa komini ile aliyebaki hai lazima aeleze alibaki vipi. Mzee alisubiri miaka. Ng'ambo ya mto vita vikarudi, vikaisha, vikarudi. Mizinga ya Bukavu iliposikika, watu walivuka na magodoro vichwani, na Mzee alizunguka mtaa hadi Papa Salumu akasema, "Huyu atatoboa barabara."

Ndipo zikaanza mahakama za gacaca, zile za kukaa kwenye majani, ambako kila mtu anasema alichoona. Siku ya kukusanya habari alisimama Maman Beata, muuza nyanya wa sokoni, aliyekuwa ndani ya shule ile. Mkutano ulisemwa kwa Kinyarwanda. Mimi naandika maneno yao kwa Kiswahili chetu.

"Huyu muzee mwenye koti," alisema, akinyoosha mkono, "njo alikuya kutuambia kama maji itafungwa. Nilimuona na macho yangu. Leta ilimutuma."

Watu walimgeukia. Mimi nilikuwa karibu, niliona vidole vyake vikishika vifungo vya koti. Kila kitu alichosema Maman Beata kilikuwa kweli, isipokuwa cha mwisho.

Waamuzi walimwita aje mkutano ujao ajibu. Usiku ule hakulala mtu kwetu. Maman alimwambia wazi: kama watu wa shule wanasema ulitumwa, utaingia gereza na utazeekea humo. Wanaojua ukweli ni waliokupiga, na wao wako gerezani au porini Kongo. Nani atawasadiki? Akamshauri apite Ruhwa, avuke Burundi.

"Sawa," alisema Mzee. "Kesho nitakimbia."

Papa Salumu alishika kichwa. "Muntu anakimbia, anatangaza!"

Alikwenda kweli. Alifika Ruhwa, mpakani, pale wafanyabiashara wanapovusha ndizi na mchele. Jioni tulimsikia langoni. "Narudi." Maman alitaka kulia, akakasirika badala yake.

"Umesahau nini?"

"Kule mbele hakuna muntu ananijua. Hapa hata benye kunichukia bananijua."

Alikula amesimama, akaomba nimshonee kifungo kilichokatika. Nilikishona. Maman aliona koti linatengenezwa kwa ajili ya mkutano, akaingia ndani akafunga mlango kwa nguvu.

Siku yenyewe kulikuwa na wafungwa waliovaa nguo za waridi, waliokaa upande wao wa majani. Mmoja aliomba kusema. Alikuwa mtunza stoo wa komini zamani. Alisema bila kumtazama Mzee, "Mimi nilimupiga. Tulimupiga juu ya kutangaza. Mukubwa alisema: huyu amebaamusha."

Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Mulikuwa kundi moja, munasaidiana!" Watu wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha.

Maman Beata alisimama tena. Alikuwa ametulia. "Ngoja niseme yote. Bwana yangu alisikia ile tangazo akasema: bakifunga maji, basi bameshakata shauri, tusibangojee. Alichukua mutoto wetu mukubwa, batafute njia, kisha barudi kunichukua. Habakufika mbali. Mimi nilibakia na mudogo. Tulikunywa ile maji bantu balijaza. Nilikunywa, sikatae. Ile njo ilinifikisha leo." Akamgeukia Mzee. "Sasa mimi nikufanye nini wewe? Unijibu. Juu ya nini ulisema maji tu?"

Mwamuzi alimwambia Mzee ajibu. Nilimwona anahama mguu huu na mguu huu. Mwishowe alisema, "Ile njo ilikuwa kazi yangu."

Waamuzi walisema hana shtaka. Watu wakatawanyika. Maman alinunua Fanta, Papa Salumu akapiga beseni kama ngoma, lakini Mzee alikunywa nusu, akaweka chupa ukutani, akapotea kuliko siku zote. Nilidhani sasa atapata utulivu. Aliporudi hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Alipita hadi mara sijui ngapi kwa siku, na "napita" yake sasa ilikuwa ya kunong'ona. Afisa alimtumia habari kwamba anaweza kuripoti kazini. Hakwenda.

Baada ya majira ya mvua Maman Beata alikuja barazani kwetu na kitenge cha kupindwa. Hatukuwa wateja wake wala yeye wetu. Nadhani kitenge kilikuwa sababu tu. Alikaa, akangoja. Mzee akatokea.

"Napita."

"Simama," alisema Maman Beata.

Akasimama. Papa Salumu aliacha kugonga.

"Nataka kuona njia bwana yangu alipita. Hakuna muntu alinionyesha. Wewe ulipanda ule mulima, ukashuka. Unipeleke."

"Siku gani?"

"Leo. Sasa."

Maman alitoka jikoni, akanivuta kando. "Uende nabo. Bale bawili basibakie peke yabo." Nikaacha kitenge chini ya sindano.

Njia ya kupanda ni nyembamba, kati ya mashamba ya mihogo na maharagwe. Mzee alisita ampishe mama atangulie, kama heshima inavyotaka. Maman Beata alikataa. "Wewe mbele. Siwezi kutembea na wewe nyuma yangu." Akatangulia. Mimi nilikuwa wa mwisho. Tulipanda hadi kwenye lango la shule. Ilikuwa siku ya mapumziko, hakukuwa na wanafunzi. Walisimama pale kidogo, kisha tukaanza kushuka kwa upande wa pili, hadi mahali njia inapogawanyika.

Hapo Mzee alisimama. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo, miguu yote imetulia.

"Alishika hii ya kulia," alisema. "Kila muntu angeishika, sababu ni pana. Pale kwa mikaratusi kulikuwa bariyeri. Chini kwa daraja ya miti, ingine."

"Na hii ya kushoto?"

"Inashuka kwa bonde, kwa mutama, inatokea ziwani. Pale hapakuwa muntu."

Maman Beata aliangalia njia ya kushoto. Ilikuwa imefunikwa na majani. Mbele yake hakukuwa na kitu isipokuwa mteremko na, mbali, maji ya ziwa yakimeta.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua. Kulia nilipita bariyeri zote nikipanda, na bonde nililiona tupu."

"Na ulikuwa na kipaza sauti."

"Nilikuwa nayo."

"Na ulisema maji."

"Niliogopa," alisema Mzee. "Maji niliweza kusema, ilikuwa na kanuni. Njia haikuwa na kanuni. Nilisema moyoni, nikifika chini nitarudi kuongeza. Sikurudi."

Nilifikiri Maman Beata atampiga. Nilisogea. Alikaa kwenye jiwe, akavuta kitambaa chake kichwani, akakitazama kile kijia cha kushoto. Wakulima wawili shambani waliendelea kulima.

"Basi tangaza," alisema.

Mzee hakuelewa.

"Tangaza sasa. Vile ulitangaza maji."

Alianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma. Maman Beata alitikisa kichwa. "Sivyo. Siku ile tulikusikia mpaka madarasa ya mwisho."

Akageuka kuelekea shule. Akaweka mikono pande mbili za mdomo, bega moja likiwa chini kuliko lingine, akaita kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Wananchi. Musishike njia ya kulia. Kwa mikaratusi bauaji bako, kwa daraja bako. Mushike ya kushoto, mupite ndani ya mutama, mubebe batoto, musiwashe moto, mutatokea ziwani. Wakulima waliinuka na majembe yao wakatutazama. Sauti ilikwenda hadi kwenye kuta za shule ikarudi.

Alipomaliza alishusha mikono. Maman Beata hakunyanyuka kwenye jiwe.

"Rudia," alisema. "Ba nyuma habakusikia."

Akarudia.